Ng'ambo ya Barabara Huganda

Asubuhi ile mtaalamu wa maabara alijaza maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akachomeka kipimajoto, akapanga tyubu za kioo zenye damu ya msusi mmoja aliyekuwa amekaa upande wa pili wa dirisha, kiwiko amekikunja juu ya pamba. Kazi yenyewe si ngumu. Unainua tyubu, unailaza kidogo kama mtu anayetaka kumimina chai akaghairi, unatazama. Damu ikiteleza, bado. Unairudisha majini, unasubiri, unainua tena. Ikikataa kuteleza, ikabaki imeshika mahali pake hata ukigeuza tyubu kichwa chini, imeganda, unaandika muda iliochukua. Kwa kuwa kutwa nzima alikuwa akiwajibu watu neno moja, wenzake walimwita Mama Bado, naye alishazoea kuitika.

Msusi alikuwa mama wa mapacha na alipenda maongezi. Kesho yake angepasuliwa tezi ya shingo, ambayo ilikuwa imefikia ukubwa wa ngumi ya mtoto. Alimwambia Mama Bado kupitia dirishani kwamba nywele zake zinakatika mbele kwa sababu anazibana mno, aje siku moja amtengeneze. Akasema pia, kama mtu anayetaja tabia ya jirani, kwamba tangu utotoni fizi zake hutoka damu kwa kuguswa tu, na siku aliyojifungua wale mapacha nusura aende na maji. Mama Bado akainua tyubu ya kwanza, ikateleza. Akainua ya pili na ya tatu. Msusi akasimulia habari za wifi yake mpaka zikamwishia, akaanza za binamu, na damu ilikuwa bado inakimbia ndani ya kioo kama imetoka mwilini sasa hivi.

Mama Bado akaandika: haikuganda. Akapeleka juu.

Haukupita muda, simu ikalia. Mganga mkuu alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti, mwenye kuwauliza wafagiaji hali za watoto wao mmoja mmoja. Alieleza kwamba kesho chumba kipya cha upasuaji kinafunguliwa, mgeni rasmi amethibitisha, wapiga picha wameitwa, na mgonjwa wa kwanza ni huyo wa tezi, maana tezi huonekana vizuri kwenye picha, kabla na baada. Kwa hiyo sampuli bila shaka imeharibika.

"Haijaharibika, daktari," Mama Bado akasema.

"Basi tutarudia wiki ijayo. Kwa sasa andika kawaida."

Akaandika kawaida. Ni neno jepesi, halimalizi hata mstari.

Siku iliyofuata msusi alifia mezani, wapiga picha wakiwa wamesimama kwenye korido na mgeni rasmi akiwa anamalizia soda yake. Familia iliambiwa ni moyo. Moyo, mganga mkuu alisema, haupigi hodi. Mume wa marehemu, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Mapacha, alishukuru, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akipewa habari na mwenye koti jeupe. Akasaini alipoonyeshwa, akauchukua mwili wa mkewe.

Jioni ile ile, ndani ya uzio wa hospitali, vitu viliacha kuganda.

Waliotambua kwanza ni watu wa jikoni. Mpishi alikoroga uji, akaongeza unga, akakoroga tena, na uji ukabaki unazunguka sufuriani kama maji ya kuoshea vyombo. Akalaumu unga. Maji yaliyowekwa kwenye jokofu la dawa hayakugeuka barafu, ingawa jokofu lilikuwa na baridi ya kuuma vidole. Gundi ya bahasha haikushika. Umeme ulipokatika wakawasha mshumaa kwenye chumba cha wauguzi, nta yake ikatiririka mezani, ikashuka sakafuni, ikaendelea na safari kuelekea mlangoni. Mafundi waliokuwa wanamalizia ngazi za jengo jipya walimwaga zege, wakalifunika, wakarudi asubuhi wakalikuta linatikisika kama mtindi kwenye kibuyu. Wino haukukauka kwenye karatasi, kwa hiyo madaktari wakaanza kuandika dawa kwa penseli. Vilivyokuwa vimeganda zamani havikuguswa. Kuta zilisimama, na vidonda vilivyokwisha kufunga vilibaki vimefunga.

Aliyepata njia ni mpishi. Alitoka na sufuria yake kwenda kugombana na muuza unga ng'ambo ya barabara, na alipokanyaga tu ukingo wa upande ule, uji ukawa mzito mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Akageuka, akarudi. Langoni uji ukalegea. Akavuka mara ya pili ili awe na hakika, kisha akaenda kumwambia msimamizi kwamba kuanzia kesho atahitaji mtu wa kumsaidia kubeba.

Wengine wakafuata. Waliovunjika mikono na miguu walisukumwa hadi ng'ambo, wakaketi mbele ya duka la madaftari miguu imenyooshwa, wakisubiri plasta ishike, na kwa kuwa wakirudi ndani ingelegea, waliruhusiwa kwenda nyumbani moja kwa moja, jambo ambalo wengi walilipenda. Daktari wa meno alihamishia kiti chake chini ya turubai, kati ya duka hilo na kibanda cha fundi simu. Damu nazo zilikuwa hazigandi ndani, za wote, wagonjwa na wazima, kwa hiyo Mama Bado alivuka na beseni lake, chupa ya maji ya moto na stuli ambayo hakuwahi kuikalia. Upasuaji ulisimamishwa kwa tangazo lililosema ukarabati. Mganga mkuu aliyaita yote hayo hali ya hewa. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alisema misimu imebadilika kila mahali, akawapongeza kwa ubunifu, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama Bado hakuweza kutulia. Nyumbani alikuwa anaanza kula, anasimama kuangalia kama mlango umefungwa, anarudi, anasimama kuangalia kama dirisha limefungwa. Alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Alikoroga chai muda mrefu baada ya sukari kwisha kuyeyuka, mpaka mumewe, ambaye ni kinyozi na amezoea watu wanaokaa kitini bila kutikisika, akamshika mkono.

"Mke wangu," alisema, "hata viti vya humu ndani vimeanza kujiuliza vimekukosea nini."

Alimjibu kwamba ni kazi tu, imekuwa ya kusimama. Mumewe akaanza kumsindikiza alipotoka kutembea jioni, na akagundua kwamba njia wanayopita, hata waanzie wapi, huishia kwa fundi baiskeli. Hawakuwa na baiskeli. Mkewe alisimama pale, akasalimia, akaitikiwa. Fundi alizungusha gurudumu na kulisikiliza kwa sikio moja, akakaza waya, akalizungusha tena. Aliwaambia watoto hawajambo, shangazi yao amehamia kuwalea. Mama Bado alisema vizuri, akaaga, akaondoka na maneno yake mdomoni. Ilikuwa hivyo mara nyingi.

Siku moja mchana, jua likiwa limepiga turubai la daktari wa meno, aliinua macho kutoka kwenye beseni akamwona Baba Mapacha kwenye foleni. Wasichana wake wawili walikuwa naye, wa umri wa kuanza kubadilisha meno ya nyuma, wenye sare ya shule moja lakini sura mbili tofauti. Mmoja alikuwa na shavu lililovimba. Alishika leso mdomoni, na leso ilikuwa ya waridi katikati.

Mama Bado aliacha tyubu za watu majini, akaenda. Wasichana wakamwamkia. Akauliza hiyo damu imeanza lini, Baba Mapacha akajibu kwamba ni jino, limetoboka, linamsumbua mtoto mpaka nyumba nzima haipati usingizi, na fizi ni za kutoka damu tangu zamani, amerithi kwa mama yake. Alisema hivyo bila kulipa neno uzito wowote.

"Naomba nimpime damu kwanza, kaka," Mama Bado alisema.

"Kwa ajili ya jino?"

"Kwa ajili ya jino."

Pacha wa pili akasema kama mwenzake anapimwa na yeye apimwe, la sivyo si haki. Wakapimwa wote wawili. Walisimama kando ya beseni, kati ya mwanamume mwenye plasta mbichi ya mguu na mama aliyeshikilia kiwiko cha mwanawe kama trei, na wote wakawa wanatazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Damu ya pacha wa pili ilichukua muda wake, ikashika. Mama Bado akaigeuza kichwa chini na haikushuka. Msichana akafurahi, akamwonyesha mwenye plasta, ambaye alikubali kwamba ni damu nzuri.

Ya yule wa jino iliteleza. Akairudisha majini, akasubiri, akainua. Iliteleza. Lori likapita likatikisa maji kwenye beseni. Mwenye plasta akagonga mguu wake kwa kifundo cha kidole, akaona umekuwa mgumu, akaitiwa usafiri akaondoka, na mwingine akasukumwa mahali pake.

"Mbona yake haigandi?" Baba Mapacha akauliza. "Si tuko ng'ambo?"

"Tuko ng'ambo."

"Basi?"

"Basi ni damu yake yenyewe. Ya mama yake ilikuwa hivi hivi."

"Mama yake alikuwa na moyo."

"Hakuwa na moyo, kaka. Nilimpima mimi. Haikuganda. Nikaambiwa niandike kawaida, nikaandika."

Baba Mapacha alichukua tyubu kutoka mkononi mwake. Aliilaza, akaisimamisha, akailaza upande wa pili, akaisogeza karibu na sikio kidogo, kama ilivyo desturi ya mikono yake, kisha akaona hakuna cha kusikiliza.

"Ulijua kabla hajaingia?"

"Kabla."

"Ulikuja mazishini," alisema. "Nikakushukuru."

Daktari wa meno aliita anayefuata. Watu wakawageukia. Aliita tena, akatoa kichwa nje ya turubai huku ameshika koleo.

"Hatung'oi," Baba Mapacha alimwambia.

Alirudisha tyubu majini taratibu, akawashika wasichana mkono, mmoja huku na mwingine huku, akasimama tu palepale ukingoni mwa barabara, kwa sababu alikuwa hajui aelekee upande gani. Ni daktari wa meno aliyewafuata, akaitazama ile tyubu mwenyewe, akaweka koleo chini, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa ya mji mwingine. Aliiandikia kwenye goti, hapo hapo ng'ambo, na wino ulishika vizuri.

Huko walikokwenda msichana alitundikiwa dawa ya kugandisha kabla na baada, jino likatolewa, akavuja kiasi cha kuogopesha lakini si cha kuua, akalazwa, akarudi na pengo na jina la ugonjwa ambalo yeye na dada yake walilifanyia wimbo. Daktari wa kule alimwambia baba yake mambo ya kuepuka. Asichezee vyenye makali, asipewe dawa za maumivu ovyo, na akijikata abanwe palepale na akimbizwe. Kukimbia, kuruka, kucheza, akasema, hana shida. Moyo wake ni mzima kabisa.

Aliporudi, Baba Mapacha alimwendea Mama Bado ng'ambo. Hakumsalimia. Alimwambia anataka kitu kimoja, ayarudie yale mbele ya watu. Mama Bado alisema atayarudia. Usiku ule alimweleza mumewe habari yote, akiwa amesimama, na kinyozi akasikiliza akiwa amekaa, kisha akasimama naye.

Tume iliundwa, ikaja, ikaketi kwenye chumba cha mikutano cha hospitali. Mwenyekiti wake alikuwa mtu makini aliyetaka kila neno. Mama Bado alieleza kila kitu, kuanzia tyubu zilizoteleza hadi simu ya mganga mkuu na neno aliloandika. Hakuacha kujitaja. Mganga mkuu naye alieleza kwa sauti yake ile ya upole kwamba hakumbuki simu kama hiyo lakini hawezi kusema haikuwepo, na kwamba kila siku anamfikiria yule mama. Watu walioketi nyuma walisema baadaye kwamba huenda alikuwa anasema kweli.

Tatizo lilikuwa kwenye kuandika. Karani wa tume aliandika kwa kalamu yake nzuri, na maneno yakateremka. Yalishuka mstari kwa mstari, yakakusanyika chini ya ukurasa, yakadondoka kwenye zulia. Wakaletewa mashine ya kuchapa, nayo ikatoa kurasa zilizolowa. Baba Mapacha alinyoosha mkono akasema penseli zinashika, hospitali nzima inaandikia penseli. Mwenyekiti akamshukuru, akasema penseli ni ya muda na matokeo ya tume ni ya kudumu. Baba Mapacha akasema basi wavuke barabara, ni hatua chache, daktari wa meno ameandikia huko na imekaa. Mwenyekiti alilifikiria hilo kwa haki. Akatazama dirishani, akaona turubai, sufuria ya uji, watu miguu imenyooshwa.

"Mambo ya ofisi hayaandikwi barabarani," alisema, na tume ikaahirishwa hadi hali ya hewa itakapokuwa nzuri.

Mganga mkuu alipanda cheo kabla ya mwaka kwisha. Sherehe ya kumuaga ilifanyiwa ng'ambo, kwa sababu ya keki. Aliyeshika nafasi yake alipita idara kwa idara, akaambiwa kuhusu uji, plasta na penseli, akaitikia kwa kichwa na kuomba turubai liongezwe ukubwa. Mama Bado hakufukuzwa, maana hakukuwa na karatasi ya kumfukuzia, na isitoshe hakuna mwingine aliyetaka kufanya kazi juani. Tyubu za msusi zilibaki kwenye rafu ya maabara. Mtaalamu mpya aliyeajiriwa alifundishwa kuzipangusa vumbi pamoja na vingine.

Cheti cha kifo kilikuwa kimeandikwa siku ile ile ya kifo, mchana, saa chache kabla ya uji kulegea. Wino wake ulikuwa mkavu. Kiliendelea kusema moyo.

Shangazi wa wasichana, aliyekuwa amekitia kwenye fremu karibu na picha ya marehemu, alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho. Akamwuliza kati yake na wale madaktari ni nani aliyesoma. Akaendelea kuwakataza mapacha kuruka kamba, wasije wakawa wameurithi moyo huo. Barua ya hospitali ya mji mwingine, yenye yale mambo ya kuepuka, Baba Mapacha aliipeleka shuleni, na mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema ataifanyia kazi mara itakapopigwa muhuri wa hospitali ya hapa, kama taratibu zinavyotaka. Ikapelekwa. Muhuri, ambao hauruhusiwi kutoka ofisini, ukapigwa mbele yake kwa nguvu zote, na kabla hajafika langoni duara lote lilikuwa limeshamtiririkia mkononi.

Kwa hiyo kwenye siku za michezo wasichana wote wawili hukalishwa chini ya ukuta, kwa ajili ya moyo ule wa kwenye cheti, na wenzao wakikimbia wao hushikilia viatu vya watu. Na kipindi cha ufundi kikifika wanapewa sindano, mikasi na nyembe za kuchongea kama watoto wengine, kwa sababu hakuna kilichoandikwa kuhusu hivyo.

Baba Mapacha huacha baiskeli za watu zimepinduliwa magurudumu juu, huenda kusimama nje ya dirisha la darasa lile. Akibanwa yeye na kazi, Mama Bado huenda badala yake. Hawakupangiana. Siku ya kwanza walikutana pale kwa bahati, Baba Mapacha akamwonyesha kwa kidole dawati ni lipi, akaondoka bila kuaga, na hajamwambia neno la kumsamehe mpaka sasa. Mwalimu wa ufundi amewazoea wote wawili, huwafungulia dirisha kukiwa na joto.

Leo ni zamu ya Mama Bado. Watoto wanashona vifungo. Msichana ameinua sindano juu kwenye mwanga, amefumba jicho moja, ametoa ncha ya ulimi penye pengo. Uzi unakosa tundu, anaulowesha mate, anajaribu tena. Nje ya dirisha Mama Bado amekunja kiganja juu ya furushi la pamba, anahama mguu huu, anahama mguu ule, haondoi macho kwenye kile kidole gumba kilichoshika sindano.